Maji ya Moto Yana Wenyewe

Mazungumzo haya ni ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa, Malawi. Mzee ni mtu wa Bukavu, Kongo. Alisomea elimu ya miamba Roorkee, India, miaka ya 1980, na siku hizi huwafundisha hesabu watoto wa majirani. Binti ameletwa na shida ya shangazi yake, aliyeolewa na Mmalawi na anayekaa Area 36, Lilongwe.

BINTI: Habari za asubuhi, Mwalimu.

MZEE: Nzuri, mwanangu. Vuta kiti. Mama hajambo?

BINTI: Hajambo, anakusalimu sana. Nimetumwa na shangazi. Magoti yanamtesa tangu masika, na kupanda minibasi kwake sasa ni kazi. Kuna mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa kule mji wa zamani, ambaye shangazi humshonea. Huyo mama amemwambia kwamba kwao yapo maji ya moto yanayotoka mlimani, penye hekalu, na kwamba mama mkwe wake alioga akarudi bila fimbo. Tangu siku hiyo shangazi hana hadithi nyingine. India haiwezi, kwa hiyo anataka apelekwe kwenye maji ya moto ya Nkhotakota, na wa kumpeleka ni mimi.

MZEE: Na kwangu umefuata nini? Ruhusa au jiografia?

BINTI: Vyote viwili, kama vipo.

MZEE: Ruhusa si yangu kutoa. Jiografia ninayo. Huyo mama alipataja mahali penyewe?

BINTI: Badrinath.

MZEE: Ahaa! Basi umekuja nyumba yenyewe. Nilifika Badrinath nikiwa mwanafunzi, enzi zile pasipoti yangu ikiandikwa Zaire. Roorkee iko tambarare, karibu na Haridwar, pale mto Ganga unapotoka milimani. Wenzangu darasani walikuwa Wahindu watupu, na likizo ilipofika wakasema, wewe unayesoma miamba, twende ukaione inavyochemsha maji. Tukapanda basi Rishikesh. Kutoka hapo ni kilomita mia tatu hivi, barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, kushoto jiwe, kulia shimo na mto Alaknanda unanguruma chini. Pale Devprayag huo Alaknanda unakutana na Bhagirathi, na kuanzia hapo ndipo wanapouita Ganga. Mbele zaidi kuna mji wa Joshimath, na siku zile mkifika pale mnasimamishwa langoni: magari ya kupanda yanangoja ya kushuka yapite, maana njia haitoshi.

BINTI: Ni juu sana?

MZEE: Unaufahamu mlima Mulanje? Kilele chake, Sapitwa, ni mita 3,002, na Malawi nzima hakuna mahali pa juu kuliko hapo. Badrinath iko kwenye mita 3,100 na ushee. Yaani hayo maji ya kuoga yako juu kuliko kilele cha Mulanje. Na bado ukisimama pale unainua shingo, kwa sababu nyuma ya hekalu kuna mlima Neelkanth wa karibu mita 6,600, theluji tupu.

BINTI: Na maji yanatoka ya moto, katikati ya theluji?

MZEE: Ndiyo. Bwawa lenyewe linaitwa Tapt Kund. Liko chini ya hekalu, juu kidogo ya mto. Mto ule unatoka kwenye barafu, ukitia mkono kwa muda unakufa ganzi. Hatua chache kutoka hapo, maji ya nyuzi 45 hivi, na pale yanapobubujika ni zaidi. Tuliamka kabla ya alfajiri. Mvuke ulikuwa mzito, mtu unasikia sauti yake kabla hujauona uso wake. Ngazi ni za mawe, zinateleza. Wanaume upande wao, wanawake wana sehemu yao iliyozungushiwa ukuta.

Nikuambie nilichokiona, maana ndicho kitakachomsaidia shangazi. Tulipokuwa tunangoja zamu, aliletwa mzee mmoja wa kijijini, mifupa mitupu, ameshikwa na mjukuu wake. Hakuingia. Alikaa ngazi ya juu, akachota maji kwa kichombo cha shaba, akamimina miguuni. Akangoja. Akamimina magotini. Akangoja tena, midomo inachezacheza, anaomba. Kisha kifuani, kisha mabegani. Ndipo akashuka ngazi moja moja, akazama mara tatu, akatoka. Pembeni yake kijana mmoja wa mjini, mwenye misuli, alivua akaruka kama anaingia Ziwa Kivu. Haikupita dakika nyingi akatoka anayumba, macho mekundu, wenzake wakamkalisha chini akatapika.

BINTI: Mungu wao alimkasirikia?

MZEE: Mshipa wa damu ndio uliokasirika. Ukiingia ghafla kwenye maji ya joto kali kutoka kwenye baridi, mishipa ya ngozi inafunguka yote kwa pamoja, damu inakimbilia nje, presha inashuka, kichwa kinabaki kitupu. Na hewa ya mita 3,100 ni nyepesi, moyo tayari unahangaika. Yule mzee hakusoma udaktari, lakini utaratibu aliofundishwa na babu zake ndio huo huo ambao daktari angemwandikia: miguu, magoti, kifua, ngoja, shuka, toka mapema.

BINTI: Na wewe ulioga?

MZEE: Nilioga. Nilimwiga yule mzee. Nilikosea jambo moja tu la adabu, nilikwenda na sabuni mfukoni, mtu akaniona akanikemea kwa Kihindi mpaka nikairudisha. Pale huogi kutoa uchafu. Unaoga ili uwe tayari kupanda hekaluni, kama Mwislamu anavyotawadha kabla ya kusali. Maji kwanza, hekalu baadaye. Viatu vinabaki nje, kamera ndani ya hekalu marufuku. Mimi nilibaki uani na wale wenzangu wakaingia. Sikuona haja ya kusukumana hadi mbele ya sanamu isiyo ya dini yangu.

BINTI: Wao wanasema ule moto umetoka wapi?

MZEE: Wana kisa chao. Agni, mungu wa moto, alikuwa na laana ya kula kila kitu, kizuri na kibaya. Akamwendea mungu Vishnu kuomba asamehewe. Vishnu akamwambia aje akae pale Badrinath, ndani ya maji, na watu wakija kuoga yeye awaondolee dhambi badala ya kuwaunguza. Kwa hiyo kwa Mhindu yule ni Agni anafanya kazi yake ya toba. Mimi kisa hicho nakipenda. Moto uliofungwa ndani ya maji ili usidhuru mtu: hata kama huamini, unajua unapaswa kuingia kwa tahadhari.

BINTI: Na wewe mtu wa miamba unasema nini?

MZEE: Nasema Bara Hindi linaisukuma Asia. Limekuwa likiisukuma kwa miaka milioni hamsini hivi, na bado linasogea sentimita kadhaa kila mwaka. Mkeka ukiusukuma kutoka pande mbili, katikati unajikunja na kuinuka. Ile mikunjo ndiyo Himalaya. Sasa, miamba iliyokunjwa hivyo inapasuka. Mvua na theluji vinaingia kwenye nyufa, vinashuka chini sana. Kila kilomita moja unayoshuka ardhini, joto linapanda nyuzi 25 hadi 30, na chini ya Himalaya miamba ya moto imeinuliwa haraka hata haijapata muda wa kupoa. Maji yanapata joto huko, yanatafuta ufa mwingine, yanapanda. Hakuna volkano pale hata moja. Watu wengi hudhani maji ya moto lazima yatoke volkano. Sivyo.

BINTI: Na ya huku kwetu?

MZEE: Huku ardhi haisukumwi, inavutwa. Sisi tuko kwenye Bonde la Ufa, mkono wake wa magharibi. Ukianzia Uganda, ukaja Ziwa Edward, Kivu, Tanganyika, Rukwa, mpaka hili Ziwa Malawi, ni ufa mmoja. Afrika inachanika taratibu sana, milimita chache kwa mwaka. Lakini mpasuko ni mpasuko, maji yanashuka, yanapata joto, yanarudi. Ndiyo maana ukifuata maziwa hayo unakutana na maji ya moto kila mahali: Kitagata na Sempaya kule Uganda, Nyamyumba karibu na Gisenyi, Mayi ya Moto kwetu Rutshuru, Mugara kule Burundi, Songwe karibu na Mbeya. Na Malawi ni Chiweta kule Rumphi, ambayo ni kali kuliko zote nchini, inakaribia nyuzi 80, na hiyo Nkhotakota yenu.

Na ufa huohuo ndio unaotetemesha ardhi. Unakumbuka Karonga, Desemba 2009? Na kabla hujazaliwa, Salima, Machi 1989. Badrinath nayo iko wilaya ya Chamoli, ambayo tetemeko la 1999 liliibomoa vibaya. Maji ya moto na matetemeko ni watoto wa nyumba moja.

BINTI: Mama yule wa duka alisema pia kuna mahali wanapika wali kwenye maji ya chemchemi. Shangazi alidhani anataniwa.

MZEE: Hataniwi. Hiyo ni Yamunotri, hekalu jingine la milima ileile, mita 3,290 hivi. Kuna kisima kinaitwa Surya Kund. Mahujaji wanafunga mchele na viazi ndani ya kitambaa chepesi, wanavitumbukiza kwa kamba, wanangoja, wanavitoa vimeiva. Wanakula kidogo na kingine wanapeleka nyumbani kama baraka. Manikaran nako, katika jimbo la Himachal, Masingasinga wana hekalu lao kando ya chemchemi na wanapikia wageni chakula kwa maji hayohayo. Sasa nikupe hesabu kidogo, usije ukaondoka bure. Kwa urefu wa Yamunotri, maji yanachemka kwenye nyuzi 90 tu, si 100, kwa sababu hewa ya kuyakandamiza ni nyepesi. Maji ya Surya Kund yako karibu kabisa na kiwango hicho. Kwa hiyo ile si chemchemi ya kuoga! Ni sufuria. Mahujaji wanajua, na hapo pembeni pana bwawa lingine la kuogea. Shida inakuja pale mgeni asipojua ipi sufuria na ipi beseni.

BINTI: Nkhotakota ni sufuria au beseni?

MZEE: Pale yanapobubujika, mchukulie kuwa ni sufuria. Wenyeji huteka maji hayo kuogea na kufulia, lakini wao wanajua wapi pa kuchota na wapi yamekwisha kupoa. Hilo ndilo somo langu kubwa, mwanangu, na kama utasahau mengine usisahau hili: maji ya moto yana wenyewe. Usiende kama yule kijana wa kuruka.

BINTI: Wenyewe nani? Mizimu? Mchungaji wetu akisikia tunakwenda chemchemini atatusomea Jumapili nzima.

MZEE: Mwambie mchungaji amkumbuke Naamani, aliyeambiwa akajizamishe mto Yordani mara saba. Na lile birika la Bethzatha, wagonjwa wamejaa kwenye matao.

BINTI: Atasema Naamani alitumwa na nabii, na birika lile lilitikiswa na malaika. Sisi tumetumwa na mwenye duka la vitambaa.

MZEE: (Anacheka.) Hapo amekushinda, na mimi sitamtetea shangazi kwa Biblia. Ninaposema wenyewe, nasema watu. Kila chemchemi iliyobaki salama ina mtu anayesema hapa ingia, hapa usiingie. Badrinath inaendeshwa na kamati, kuna sheria maalumu, ya mwaka 1939, ya hekalu lile na la Kedarnath. Kuhani mkuu, wanamwita Rawal, anatoka Kerala, kule kusini mwa India, kwa desturi inayohusishwa na mwanachuoni Shankara. Siku ya kufungua hekalu hutangazwa kila mwaka kwenye jumba la waliokuwa wafalme wa Tehri. Linafunguliwa kama mwezi wa nne au wa tano, linafungwa Novemba, na miezi yote ya theluji ibada inahamia chini Joshimath. Yaani nusu mwaka watu hawagusi maji yale.

Na Kitagata, kule Sheema, Uganda, wana chemchemi mbili jirani. Moja walimtengea Omugabe, mfalme wa Ankole, na inaitwa hivyo hadi leo, Ekyomugabe. Nyingine wagonjwa wameipa jina la Mulago, hospitali kubwa ya Kampala. Unaona? Hata pasipo hekalu, watu wamegawa: hapa pa mfalme, hapa pa mgonjwa. Mahali pasipo mgawo wa namna hiyo utakuta chupa, nepi za watoto, na wasichana wanachunguliwa na wanaume wakiwa wanaoga. Mimi huko siendi hata nikilipwa.

BINTI: Kwa hiyo tukifika Nkhotakota tumtafute nani?

MZEE: Mfumu, yaani mkuu wa kijiji, au mtu wa nyumba ya karibu na maji. Piga odi, salimia kwa Kichewa, sema ulikotoka, sema una mgonjwa. Uliza wanawake wanaoga saa ngapi. Uliza kama kuna malipo. Hapo Waswahili si wageni, ujue. Nkhotakota ilikuwa mji wa akina Jumbe. Salim bin Abdallah alitoka pwani akajenga pale karne ya kumi na tisa, jahazi zake zikawa zinavusha pembe na watumwa kwenda ng'ambo ya ziwa, na kutoka huko misafara mpaka Kilwa. Livingstone alipita miaka ya 1860 akakuta biashara imeshamiri. Waingereza waliwang'oa akina Jumbe miaka ya 1890. Uislamu waliouleta bado upo, na utasikia adhana. Kwa hiyo shangazi ajifunge chitenje mpaka chini, asivue barabarani.

BINTI: Sijui nimwambie ajisikie nyumbani au aone aibu.

MZEE: Vyote viwili, kama ulivyosema wewe mwenyewe uliponikuta. Lakini ngoja. Tumeongea milima yote sijakuuliza la maana. Shangazi ana ugonjwa gani mwingine?

BINTI: Magoti tu. Na ile sukari yake.

MZEE: Sukari! Tangu lini?

BINTI: Miaka mingi. Anakunywa vidonge.

MZEE: Na miguu? Inamfanyaje?

BINTI: Anasema usiku inamwasha, mchana anaisikia kama amevaa soksi wakati hajavaa. Juzi alikanyaga msumari wa mbao, akaja kuujua alipoona damu sakafuni.

MZEE: Mwanangu, sikiliza vizuri. Hizo soksi anazozisema ni mishipa ya fahamu imeanza kufa. Mtu wa namna hiyo akitia mguu kwenye maji ya nyuzi 55 hasikii. Wewe utaruka, yeye atakaa anasema maji mazuri. Akitoka, ngozi inabaki kwenye jiwe. Na kidonda cha mguu wa mwenye sukari unajua kinavyokwenda: kinakataa kupona, kinaoza, mwisho ni msumeno. Nimemwona mtu hapa kambini amekatwa kwa kosa dogo kuliko hilo, alikanda mguu kwa chupa ya maji ya moto.

BINTI: Kwa hiyo tusiende?

MZEE: Sijasema msiende. Mtaenda kwa sharti. Shangazi asiingize mguu mahali ambapo wewe hujaingiza kiwiko chako kwanza. Kiwiko, si kiganja. Kiganja cha mpishi kimezoea moto. Kiwiko kikiona joto la kawaida, kama maji ya kumwogesha mtoto, ndipo. Mchote maji kwenye beseni, mchanganye na ya baridi, akae kwenye kigoda, akandwe magoti kwa kitambaa. Nyayo abaki na viatu vya plastiki, na ziwe kavu. Dakika kumi, kumi na tano, basi. Yule mzee wa Badrinath hakukaa zaidi ya hapo, na alikuwa amesafiri siku kadhaa kufika.

BINTI: Itamsaidia kweli?

MZEE: Magoti yatalegea. Joto linafungua misuli iliyokaza, damu inapita, maumivu yanapungua kwa saa kadhaa, pengine siku mbili tatu. Ni faida ya kweli, sitaki kuidharau. Kuhusu mama mkwe wa mwenye duka, mimi naamini alirudi bila fimbo. Lakini bila shaka alikaa wiki nzima anapanda na kushuka, anakula vyakula vyepesi, watoto wake wote wapo naye, hana ushonaji wala kuteka maji. Hivyo navyo vinatibu magoti. Kitu maji hayawezi ni kumrudishia gegedu lililolika, wala kushusha sukari. Vidonge asiviache hata siku moja. Mtu akimwambia maji yanashindana na dawa, akimbie.

BINTI: Na kuyanywa? Mama yule alimpa kichupa kidogo cha maji ya huko, kimefungwa kwa nta.

MZEE: Hicho asikinywe na asikimwage msalani. Kwa aliyempa ni kitu kitakatifu, akiweke mahali pa heshima, rafu ya juu. Ya Nkhotakota pia asinywe. Maji ya moto mengi ya Bonde la Ufa yamebeba floridi, ndiyo inayowafanya watoto wa sehemu zile meno yawe ya kahawia. Kikombe kimoja hakiui, lakini kwa nini? Chukueni maji yenu ya kunywa, mengi, maana joto linakausha mwili. Na msizamishe kichwa. Maji ya uvuguvugu yakiingia puani yana vijidudu visivyofaa.

BINTI: Watoto wa shangazi wanataka kuja nao.

MZEE: Waje, lakini jicho moja likae kwao. Kwetu Goma na Gisenyi ningeongeza jambo: mazuku. Mtoto anacheza kwenye kishimo karibu na chemchemi, hewa ya ukaa imetuama pale, nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi wala harufu. Anainama hainuki tena. Asubuhi unakuta mbuzi na ndege wamelala palepale. Malawi haina volkano hai, hofu hiyo ni ndogo sana. Hofu ya huku ni kuungua tu. Matope ya pembeni yanaonekana magumu, ukikanyaga unazama hadi kifundo kwenye uji wa moto. Wapite njia wanayopita wenyeji.

BINTI: Mwalimu, wewe ungependa kurudi Badrinath?

MZEE: Hapana. Nilipokwenda, njiani tulipita njia panda ya Kedarnath, na huko kulikuwa na Gaurikund, chemchemi ya moto ambapo mahujaji walioga kabla ya kuanza kupanda kwa miguu. Juni 2013 mafuriko yalishuka, yakaua maelfu ya watu katika bonde lile, na Gaurikund ikafukiwa na mawe na matope. Joshimath nayo, Januari 2023, nyumba zilipasuka kuta, ardhi inazama, watu wakahamishwa. Mimi nimekwisha kuhamishwa vya kutosha. Naridhika kuyakumbuka.

Halafu, kuna kitu huyo mama wa duka hawezi kukuambia, pengine hata hapendi kukikumbuka. Wahindi wa Malawi, miaka ya 1970, serikali ya Rais Banda iliwaondoa kwenye vijiji walikokuwa na maduka, wakaambiwa biashara zao zikae Blantyre, Zomba na Lilongwe tu. Wale wanajua maana ya kuambiwa kaa hapa, usivuke pale. Ukimkuta, msalimie vizuri.

BINTI: Hapo ndipo penye shida yangu, Mwalimu. Shangazi ana karatasi za mumewe, anakwenda anakotaka. Mimi je?

MZEE: Wewe uko chini ya sheria ya kambi. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi, 1987, iliweka masharti yake, na moja ni la mwendo: serikali inachagua tukae wapi. Na mwaka 2023, uliona mwenyewe walivyorudishwa waliokuwa mijini, na maduka yao yakafungwa. Kwa hiyo usijaribu njia ya panya. Vizuizi vya polisi vipo, Lilongwe kwenda Salima, na Salima kupandisha kando ya ziwa hadi Nkhotakota. Mkimbizi asiye na barua anashushwa, na mgonjwa wake anabaki kitini peke yake. Mahujaji wa India walisimamishwa langoni Joshimath, sisi tunasimamishwa langoni Dzaleka. Hakuna aibu kwenye kungoja zamu. Aibu ni kusema uongo kwenye fomu. Andika ukweli: namsindikiza mgonjwa, Nkhotakota, siku fulani hadi siku fulani.

BINTI: Nikaombe kesho?

MZEE: La. Kwanza shangazi aende hospitali ya Kamuzu Central, wampime nyayo, wamtazame kile kidonda cha msumari. Akiwa na kidonda kibichi, hakuna maji ya moto ya Nkhotakota wala ya Badrinath. Daktari akikubali, njoo tuandike barua pamoja. Akikataa, mkande magoti hapohapo Area 36 kwa beseni na kitambaa, na nauli mliyoweka mnunulie viatu vya kumkinga na misumari.